Vikapu Saba Vilivyorudi

Ninfa Terrazas alitumikia polisi miaka ishirini na sita, akastaafu na cheo cha sajenti na goti bovu, na alipenda kujisifu kwamba dunia haina tena kitu cha kumwacha kinywa wazi. Jumatatu ya tarehe tatu Novemba, saa tatu asubuhi, ndani ya ukumbi wa michezo wa Arani, mji mdogo wa bondeni, dunia ikamuumbua.

Msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba wa kuweza kupita katikati ya nondo za dirisha, alikuwa ananing'inia kwenye mti wa juu wa zile baa mbili za mazoezi. Alijirusha mbele, akajirusha nyuma, kisha mwili wote ukapanda na kusimama wima juu ya viganja, nyayo zikielekea kwenye mabati ya paa. Akatulia hapo. Hakutikisika. Ninfa akahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye nne akagundua kwamba yeye mwenyewe ameacha kupumua.

"Huyo ni mtoto wa nani?"

"Ni Danitza Claros, binti wa mwokaji mikate," akajibu Mwalimu Yovana Zurita, kocha wa klabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Ndiye niliyekuitia, doña Ninfa. Yeye na wenzake wanane. Mashindano ya vijana yanafanyika hapa tarehe kumi na tano. Wenyeji wanaingiza timu nzima bila mchujo, ndiyo bahati yetu. Lakini chama cha mkoa kinataka barua za wafadhili saba zikiwa na saini, leo, saa kumi na mbili jioni. La sivyo mashindano yanahamia mjini, na hawa wangu watabaki kuangalia picha kwenye simu. Danitza mwakani anavuka umri. Huu ndio mwaka wake wa mwisho."

"Na saini ngapi unazo?"

"Hata moja. Wiki iliyopita nilikuwa na ahadi saba."

Akamwonyesha mlangoni. Vikapu saba vya matete vilikuwa vimepangwa ukutani, kila kimoja na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Bonde lile halimwombi mfanyabiashara ufadhili kwa barua tupu. Mkono mtupu haulambwi. Unakwenda na kikapu chenye matunda, divai na mkate, unamwomba awe mlezi: mlezi wa medali, mlezi wa magodoro, mlezi wa supu ya karanga. Akikipokea kikapu, amekubali na atauza hata kitanda chake kutimiza. Akikirudisha, amekataa, na hakuna haja ya maneno.

"Niliwapelekea Alhamisi, wote wakapokea, wakacheka, wakanibusu," Yovana akasema. "Ijumaa alfajiri nafungua mlango, vyote saba viko hapa. Nikienda kuuliza, wananifungia madirisha."

Ninfa akapiga goti lake zima, lile bovu akalinyoosha pembeni, akaanza kazi. Barua ya maombi ndani ya kila kikapu haikuchanika. Divai haikufunguliwa. Papai, ndizi, zote zipo. Akaingiza pua ndani ya kikapu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Harufu ya anisi, kiungo cha waokaji. Akapapasa chini, akapata chembe za maganda ya mkate na mbegu za ufuta.

"Mkate uko wapi?"

Yovana akachungulia ndani. "Sijui. Baba yake Danitza, don Zenón, ndiye aliyeoka. Alitaka iwe zawadi ya siri, akavifunga vikapu kwa kitambaa. Mimi nilibeba tu."

"Mtu anayekataa zawadi hurudisha zote. Mwizi huanza na divai. Hawa saba wameacha divai wakabaki na mkate." Ninfa akasimama akishika ukuta. "Nani anafurahi mashindano yakihama?"

"Édgar," akasema Yovana bila kusita. "Kocha wa mpira wa ukumbini. Anautaka ukumbi huu siku hiyohiyo. Alhamisi jioni alionekana akitoka dukani kwa doña Primitiva. Na doña Primitiva ndiye mkubwa wao. Akikohoa yeye, wale sita wanatafuta dawa."

*

Édgar Rocha alikuwa sokoni, anakunywa uji wa moto wa mahindi ya zambarau, kaptula fupi na mapaja ya kutosha watu wawili.

"Sajenti! Umekuja kunikamata?"

"Inategemea. Alhamisi ulimwambia nini doña Primitiva?"

"Nilimwomba jezi."

"Ukampaka matope Yovana kidogo, ili jezi zipatikane."

"Mama, wee! Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo." Akaweka kikombe chini, na kicheko kikafutika usoni. "Nilimkuta amekaa chini, sakafuni, katikati ya duka, kikapu mapajani, kitambaa kimefunuliwa. Analia bila sauti. Mimi ni mkorofi, sikatai, lakini mtu akilia namna ile unatoka kinyumenyume."

"Uliona ndani ya kikapu?"

"Nilimwona yeye tu."

Ninfa akamtazama vidole. Mwongo huchezea kitu. Édgar alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili. Akamfuta kwenye orodha, japo kwa shingo upande, maana alikuwa na sura nzuri ya mshukiwa.

*

Duka la vifaa vya ujenzi la doña Primitiva Siles lilikuwa na kila kitu: saruji, misumari, mabomba, rangi, kengele za ng'ombe. Mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, sketi nyeusi, blauzi nyeusi, shali nyeusi, mikia miwili ya nywele imefungwa kwa uzi mweusi. Mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea saruji.

"Doña Primitiva, pole kwa msiba wako."

"Asante, mama. Unataka nini?"

"Kopo la rangi nyeupe, lile la juu kabisa."

Msaidizi wa duka, mwanamume wa makamo, akavuta kreti tatu za bia, akazipanga moja juu ya nyingine, akapanda huku akiyumba, akalishusha kopo kwa ncha za vidole. Ninfa akaangalia kreti. Akaangalia rafu zinazofika darini. Akaangalia ukuta mzima wa bidhaa, kuanzia mlangoni hadi mwisho.

"Ngazi huuzi?" akauliza.

Msaidizi akainamisha kichwa. Doña Primitiva akalifuta kopo vumbi, polepole, upande mmoja halafu mwingine.

"Siuzi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari. Lipa, mama, uende."

"Ulikubali kuwa mlezi wa medali. Watoto tisa wanakusubiri. Waliokukosea ni akina nani?"

"Nenda kawaulize waliotuma." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mimi sitalitaja. Jambo kama lile ukilitaja unaliita. Nawaonea huruma watoto hao kuliko unavyofikiri."

Kupitia mlango wa nyuma Ninfa aliona uani bembea ya Novemba, magogo mawili ya mkalitusi yaliyopita urefu wa nyumba, kamba nene katikati, na juu kabisa, kwenye kamba iliyofungwa kukatiza, kikapu kimoja kilichobaki kikipepea utepe. Kila nyumba yenye maiti mpya husimamisha bembea siku hizi. Wanawake hupanda, hubembea hadi angani, hunyakua vikapu kwa miguu, na roho nayo hupata njia ya kupanda. Ninfa alikuwa ameziona maisha yake yote, na bado shingo yake ilipinda nyuma kuitazama ile.

Alikwenda kwa mfamasia. Alikwenda kwa mwenye mabasi, kwa mama wa kuku wa kukaanga, kwa fundi magari. Majibu yalikuwa yaleyale kana kwamba wamekaririshwa: wanampenda Yovana, wanawapenda watoto, hawawezi, wala hawasemi kwa nini. Mfamasia peke yake aliongeza neno akiwa tayari anafunga dirisha.

"Yule Nayeli," akauliza, "yule mdogo mwenye pengo, leo amekuja mazoezini?"

"Amekuja. Nimemwona akipiga sarakasi."

Mfamasia akafanya ishara ya msalaba, akashusha pumzi, akafunga dirisha.

*

Ninfa akakaa kwenye benchi ya uwanjani, akatia majani ya koka shavuni, akafikiri. Wanaogopa. Hawamwogopi mtu, kwa sababu mtu angetajwa. Wanaogopa jambo. Na mkate wameuhifadhi. Kuna mkate gani usiorudishwa, usiotupwa, wala mwenye nyumba haruhusiwi kuula?

Akasimama kwa haraka mpaka goti likalalamika. Mkate wa aina hiyo una mahali pamoja pa kwenda, nao ni gunia la mwombaji sala.

Alimkuta don Hilarión, mwombaji sala, kwenye geti la makaburi, amelala chali kwenye majani, gunia la mikate kichwani badala ya mto. Kila mwaka alizunguka nyumba baada ya nyumba, akiimba sala kwa ajili ya wafu na kulipwa mkate, na kufikia tarehe tatu huwa na sauti ya chura na chakula cha mwezi mzima.

"Sajenti, mwaka huu nimechoka," akakoroma. "Mwaka mbaya! Nimeombea wasichana wapya saba."

"Saba?"

"Saba, mama yangu. Brisa kwa mwenye mabasi, Nayeli kwa mfamasia, Danitza kwa doña Primitiva. Danitza na Maribel, bintiye mwenyewe aliyekufa, akaniomba niwaimbie wote wawili pamoja, wapande wameshikana mikono. Niliimba mpaka nikalia, na mimi silii, mimi nafanya kazi." Akajikuna tumbo. "Ila jana nikazunguka makaburi yote kutafuta waliko nikawawekee ua. Sikuona kaburi hata moja jipya la msichana, isipokuwa la Maribel. Saba! Wamewazika wapi?"

Nywele za shingo zikamsimama Ninfa, jua likiwaka hivyohivyo.

"Don Hilarión, bado unao mkate hata mmoja wa wasichana hao?"

"Upo wa Danitza. Ni mzuri mno, nimeshindwa kuula."

Akautoa chini kabisa ya gunia, umefungwa kwa gazeti. Ninfa akaufunua mapajani, na kwa mara ya pili siku hiyo akasahau kupumua. Ulikuwa mkate wa rangi ya dhahabu, mrefu kama mkono wake. Katikati alilala mtoto wa unga, uso wa plasta uliopakwa rangi, macho yamefumbwa, nywele zimefungwa kisogoni, mikono imenyooshwa juu. Kifuani, kwa herufi za unga mweupe: Danitza. Na nyuma yake, ikipanda kutoka miguuni hadi juu ya kichwa, ngazi. Vipago kumi, kila kimoja kimenyunyizwa ufuta. Hakuna mtu wa bonde lile asiyejua kazi ya mtoto wa mkate na ngazi ya mkate mwisho wa Oktoba. Huwekwa mezani kwa maiti, ngazi impandishe mbinguni.

Mfadhili amefunua kikapu akitegemea mkate wa chai, akapelekewa maiti ya mtoto aliye hai, na jina lake juu.

"Ni kazi ya bwana mkubwa wa mikate, hii," akasema don Hilarión kwa heshima. "Mikono ya nani?"

"Ya baba yake," akasema Ninfa.

*

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, ila hawakusema kwamba mara nyingine kinakula kwa mapenzi. Don Zenón Claros alikuwa anatia magogo tanurini. Ninfa hakumwuliza kitu. Aliweka mkate juu ya meza ya kukandia, akamsubiri auangalie.

Zenón akatabasamu kwanza, tabasamu la fundi. "Umeupenda? Huyo ni Danitza, akijiandaa kuruka. Na hiyo ni ile ngazi ya ukutani kule ukumbini, wanayonyooshea migongo kila asubuhi. Nimewatengeneza saba, kila mlezi na mtoto wake, amjue kwa jina ..."

Akautazama tena mkate wake mwenyewe. Unga ulikuwa mikononi mwake, na uso nao ukageuka mweupe vilevile.

"Mungu wangu," akasema.

"Umeacha lini kuoka mikate ya wafu, don Zenón?"

"Miaka kumi na mbili. Tulipobatizwa kanisa jipya, mke wangu na mimi. Sisi hatuna meza ya wafu, hatuna bembea. Nilivunja hata vibao vyangu vya kuundia mikate hiyo." Akaiangalia mikono yake. "Kichwa kilisahau, sajenti. Mikono ikakumbuka. Nilikuwa nashangaa kwa nini inakwenda haraka hivyo."

"Na Maribel wa doña Primitiva alikufaje?"

Zenón alijua, na Ninfa naye alikwisha jua tangu kwenye kreti za bia.

"Jumanne ya kanivali. Alikuwa anafunga mapambo ya karatasi kwenye paa la duka." Akakaa juu ya gunia la unga. "Alikuwa kwenye ngazi."

*

Saa kumi na nusu waliingia uani kwa doña Primitiva: Ninfa, Zenón ameshika kofia mkononi, na Danitza na nguo zake za mazoezi chini ya sweta la shule. Chini ya bembea walikaa wanawake wanane hivi na dumu la pombe ya mahindi. Walipomwona mtoto wakaweka vikombe chini. Mmoja akajifunika uso.

Zenón alisema kila kitu akiwa amesimama, bila kujitetea. Kanisa, ngazi ya ukutani, mikono. "Nia yangu ilikuwa njema, doña Primitiva. Nimekuumiza pabaya kuliko mtu mwenye nia mbaya. Nisamehe ukiweza."

Doña Primitiva hakumwangalia. Alimwendea Danitza, akaweka kiganja kwenye shavu lake, akakiacha hapo.

"Una joto," akasema.

"Nimekimbia, mama."

"Nimekuombea siku mbili usiende peke yako. Unajua hilo?"

Danitza akatikisa kichwa kukubali. Akainua macho kwenye bembea, juu kabisa, kwenye kikapu chenye utepe. "Kile mbona hakijachukuliwa?"

"Hicho ni cha Maribel. Wamepanda wanawake kumi na tisa, hakuna aliyekifikia. Leo jua likizama tunang'oa magogo, na yeye bado yuko hapa chini na mimi."

"Naomba nipande."

"Hapana!" wakasema kwa pamoja, baba na doña Primitiva, na kila mmoja akashangaa kumsikia mwenzake.

"Utaanguka," doña Primitiva akasema, na neno lile lilimtoka kwa shida.

"Mimi huanguka mara thelathini kwa siku, mama. Mwalimu Yovana alitufundisha kuanguka kwanza. Miezi mitatu, kuanguka tu. Ndipo akaturuhusu kupanda."

Doña Primitiva akamtazama kama mtu aliyeambiwa kuna nchi ambayo hajawahi kuisikia. "Kuna watu wanafundishwa kuanguka?"

"Ndiyo. Kuna namna yake."

Mwanamke huyo akageuka kwa Zenón. "Dini yenu inasemaje?"

Zenón aliizungusha kofia duara zima. "Inakataza," akasema. Halafu: "Maribel alikuwa ananunua mkate kwangu kila asubuhi, na kila asubuhi ananidai wa nyongeza. Panda, mwanangu."

Danitza akavua sweta. Wanawake wawili wakashika kamba za kuvutia, wa tatu akaanza wimbo kwa sauti nyembamba, wengine wakapokea. Mvuto wa kwanza, wa pili, wa tano. Bembea ikapita juu ya ukuta, ikapita juu ya paa la duka, magogo yakilia. Doña Primitiva alikuwa ameushika mkono wa Ninfa kwa nguvu za kuvunja, amefumba macho. Mvuto wa kumi na moja, wimbo ukakatika wenyewe. Kule juu mtoto alikuwa amegeuza mwili, kichwa chini, miguu juu, amenyooka moja kwa moja kuelekea angani.

"Fumbua macho, mama," Ninfa akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Fumbua sasa hivi."

Nyayo mbili zikakibana kikapu, zikaking'oa. Ninfa aliwahi kuona mengi, na siku ile angeapa mahakamani kwamba kitu kingine kilipita juu ya yule mtoto kikaendelea kupanda, na asingejali hakimu akicheka. Bembea ilipotulia Danitza akaruka, akatua, magoti yakajikunja kidogo, akasimama. Akampa doña Primitiva kikapu kwa mikono miwili.

Mama huyo alilia, safari hii kwa sauti, na wanawake wakamwacha alie mpaka atosheke. Kisha akajifuta kwa shali, akanyoosha mkono kwa Ninfa.

"Barua iko wapi?"

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Ninfa akaitoa mfukoni, akaitandaza juu ya dumu, akampa kalamu. Doña Primitiva akasoma kidole kikifuata mistari, akafika palipoandikwa mlezi wa medali, akapafuta kwa mkwaju mmoja mnene.

"Medali mpeni mfamasia, anapenda vitu vya kung'aa. Nendeni mkamwite, na hao watano wengine, waje na kalamu zao, waambieni mimi ndiye nimesema." Akainama, ulimi ukitokeza pembeni kwa bidii ya kuandika. "Mimi najiandika mlezi wa magodoro. Yote, kila mahali mtoto anapoweza kuangukia. Na yawe manene."